Mjumbe huuawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kemikali za ubongo na mishipa ya fahamu

Ninatoa dawa dirishani. Mengi ya maswali haya nimeulizwa na watu walioshika cheti cha daktari mkono mmoja, na mkono wa pili wamemshika mgonjwa wao, huku foleni nyuma yao ikinung'unika. Pale sipati nafasi ya kujibu inavyostahili. Hapa ninayo.

Husemwa ubongo unatumia umeme. Kemikali zinaingia wapi?

Zinaingia kwenye mwanya. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ndani ya seli moja habari husafiri kwa umeme, na kwenye nyuzi nene mwendo wake hufikia hata mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu ya kufukuta huenda kama mita 1 tu. Ndiyo maana ukishika sufuria ya moto unasikia kwanza mchomo mkali, mkono unautoa, halafu yale maumivu mazito yanakuja nyuma taratibu.

Lakini seli hizo hazigusani. Kati ya moja na inayofuata kuna sinapsi, mwanya wa nanomita 20 hivi. Unywele wa kichwani una unene wa kama nanomita elfu 80. Umeme ukifika ukingoni hauruki. Unachofanya ni kufungua milango ya kalsiamu, na kalsiamu ikishaingia, vifuko vidogo vilivyokuwa vikisubiri pale hujibandika kwenye ukuta wa seli na kumwaga kilichomo: kemikali zinazobeba habari, ambazo nitaziita wajumbe. Kifuko kimoja hubeba molekuli elfu kadhaa. Zikivuka hukutana na vipokezi upande wa pili, na seli ya pili ama huamshwa ama hunyamazishwa. Shughuli yote hiyo huchukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Zipo seli zilizoungana na kupitishiana umeme moja kwa moja, ila kwa binadamu njia kuu ni hii ya kemikali.

Ilijulikanaje?

Kwa mioyo miwili ya vyura. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi aliutoa moyo wa chura ukiwa bado na neva yake, akautia kwenye maji ya chumvi, ukaendelea kupiga. Akaisisimua ile neva kwa umeme, na mapigo yakapungua. Kisha akachukua yale maji, maji matupu, akayatia kwenye moyo wa chura wa pili ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza mapigo. Kilichosafiri kilikuwa ndani ya maji.

Baadaye ilithibitika kuwa ni asetilikolini, kemikali ambayo Henry Dale wa Uingereza alikuwa ameshaichunguza, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Loewi alisimulia kwamba jaribio lenyewe aliliota. Usiku wa kwanza aliamka akaliandika kwenye kikaratasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kukuche: saa tisa usiku akainuka, akaenda maabara.

Wajumbe hawa ni wangapi, na kila mmoja ana kazi gani?

Waliotambuliwa wanapita 100. Nusu ya pili ya swali ndiyo inayopotosha watu. Mitandaoni utasoma dopamini ni ya raha, serotonini ni ya furaha, adrenalini ni ya hofu, kana kwamba kila kemikali imepewa wizara yake. Mwili haufanyi kazi hivyo. Asetilikolini ileile ikimwagwa kwenye moyo inapunguza mapigo. Ikimwagwa kwenye msuli wa mkono, msuli unakaza. Mjumbe ni mmoja, kilichobadilika ni mlango anaobisha hodi. Kinachoamua ni kipokezi, na mahali kilipo. Ukilishika hili moja, sehemu kubwa ya ukurasa huu utaielewa kabla sijaieleza.

Kwa wingi wa kazi ndani ya ubongo, wanaotawala ni wawili ambao watu wengi hawawajui hata kwa jina: glutamati, inayoamsha, na gaba, inayotuliza. Dopamini na serotonini zina umaarufu, lakini seli zinazozitengeneza ni sehemu ndogo sana ya ubongo.

Mjumbe akishafikisha habari anakwenda wapi?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kwenye sinapsi mjumbe huuawa, na akiachwa hai ndipo balaa linapoanza.

Zipo njia mbili kubwa. Wajumbe kama dopamini, serotonini na noradrenalini wengi wao hufyonzwa na kurudishwa kwenye seli iliyowatuma, wakatumike tena. Asetilikolini haisubiriwi namna hiyo: pale pale mwanyani kuna kimeng'enya kinachoikatakata, maelfu ya molekuli kwa sekunde.

Sasa fikiria kimeng'enya hicho kimefungwa mikono. Ndivyo zinavyofanya dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, zile za jamii ya oganofosfeti. Niliwahi kumwona kijana aliyeletwa kutoka shamba la nyanya, amepuliza tangu asubuhi akiwa na shati la mikono mifupi, bomba la mgongoni linavuja. Mate yalikuwa yanamtoka mpaka kifuani. Macho yanatoa machozi, jasho linatiririka, suruali imelowa, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Chini ya ngozi ya mapaja misuli ilikuwa inachezacheza yenyewe, kama kuna kitu kinatembea ndani. Yote yale ni asetilikolini isiyokatwa, inaendelea kubisha kila mlango. Tulimpa atropini, inayoziba sehemu ya vipokezi hivyo, dozi baada ya dozi mpaka kifua kikakauka na pumzi ikarudi. Alipona.

Akikutokea mtu wa namna hii, mvue nguo zote, muoshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu au hata mfuko wa plastiki mikononi, na mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ya dawa aliyotumia. Msimpe maziwa. Msimtapishe.

Sumu ya nyoka nayo inahusika?

Sana. Fira kadhaa wana sumu inayokaa juu ya kipokezi cha asetilikolini kwenye msuli na kukiziba. Mjumbe anafika, mlango umewekwa kitasa. Kope za macho huanguka kwanza, kumeza kunakuwa kugumu, mwisho misuli ya kupumua inagoma. Sumu ya koboko ni mchanganyiko: kuna sehemu inayoziba vipokezi, kuna inayozidisha kumwagwa kwa asetilikolini, na kuna inayokizuia kile kimeng'enya. Anayeumwa anaweza kuwa na akili timamu kabisa huku hawezi kuinua kidole, kwa hiyo zungumzeni naye njiani. Msichanje, msinyonye, asitembee, abebwe.

Pepopunda ni ugonjwa wa misuli au wa ubongo?

Ni ugonjwa wa wajumbe wa kutuliza. Bakteria yuko kidondani, lakini sumu yake hupanda kwenye neva mpaka uti wa mgongo, na huko huvikata vifaa vinavyovibandika vile vifuko ukingoni, hasa kwenye seli zinazomwaga glisini na gaba. Msuli ukikaza hakuna tena wa kuuambia legea. Ndiyo maana taya hufunga na mgongo hupinda kama upinde, na mlio mdogo tu wa mlango unaweza kuanzisha mkazo mpya.

Kuna sumu ndugu yake, ya botulini, inayokata vifaa vya aina hiyohiyo. Lakini yenyewe hufanyia kazi kwenye neva inayomwaga asetilikolini juu ya msuli, na mgonjwa hulegea badala ya kukaza. Makasi ni yaleyale, mahali ndipo pamebadilika.

Kwa kina mama wajawazito: ile sindano ya kliniki ndiyo hii. Kinga yake inavuka hadi kwa mtoto. Na kitovu cha mtoto kisipakwe samadi, wala majivu, wala chochote alichoshauri mtu ambaye si mhudumu wa afya.

Mwanangu ana kifafa. Fenobabito inamfanyia nini?

Degedege la kifafa ni seli nyingi za ubongo kuwaka kwa pamoja, bila mpangilio. Fenobabito, inayotumika dhidi ya kifafa tangu 1912, hukaa kwenye kipokezi cha gaba na kuurefusha muda wa mlango kubaki wazi, hivyo ule utulivu unadumu zaidi. Diazepamu inayochomwa au kuwekwa njia ya haja kubwa wakati wa degedege hufanya kazi kwenye kipokezi hichohicho, kwa namna yake.

Na hapa naomba nisikilizwe: msiikatishe ghafla. Ubongo uliozoea msaada huo ukinyang'anywa siku moja, degedege hurudi na pengine halikomi. Pombe nayo huisukuma gaba, kwa hiyo mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla bila usimamizi anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa.

Povu la mdomoni haliambukizi. Usiogope kumgusa mtoto: mlaze ubavu, usimwekee kijiko mdomoni.

Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anapewa na vitamini?

Kwa sababu isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huingilia vitamini B6, na kimeng'enya kinachogeuza glutamati kuwa gaba hakifanyi kazi bila B6. Neva za miguuni pia huihitaji. Ikipungua, nyayo huanza kufa ganzi na kuwaka moto. Kile kidonge kidogo cha piridoksini si cha kunenepesha. Kimezeni.

Mama anatetemeka mkono na anatembea kwa kuburuta. Tumeambiwa ni Parkinson. Ni nini hiyo?

Nitajibu kama mtoto wa mgonjwa, maana mama yangu anayo. Asubuhi kabla ya dawa, kidole gumba chake kinasugua cha shahada kama anayehesabu tasbihi, na mkono ukiwa umetulia mapajani ndipo unatetemeka zaidi. Kijiko cha uji kinatoka bakulini kimejaa, kinafika mdomoni kitupu. Dakika kama arobaini baada ya kidonge, kijiko kinafika. Sijazoea kuona hilo, na ni miaka sasa.

Ndani kabisa ya ubongo kuna kundi la seli zenye rangi nyeusi zinazotengeneza dopamini kwa ajili ya kuuanzisha mwendo na kuulainisha. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole, na dalili zinapoonekana sehemu kubwa huwa imeshapotea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, dawa iliyotoka kwenye mmea, ikamaliza wajumbe kama dopamini ubongoni. Sungura wakalala kama magunia. Akawachoma levodopa, malighafi ya dopamini, na muda mfupi baadaye wakainuka. Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, akaonyesha mwaka 1960 kuwa ubongo wa waliokufa na Parkinson ulikuwa umepungukiwa dopamini.

Dopamini yenyewe hatuwezi kumpa mgonjwa, haipenyi kuingia ubongoni. Levodopa inapenya, na ikishaingia hugeuzwa. Huchanganywa na kabidopa ili isigeuzwe njiani na kuishia kumtapisha. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: levodopa hupanda chombo kimoja na protini ya chakula. Ukiimeza pamoja na maharage, nyama au maziwa, inabaki kwenye foleni. Mpe kidonge nusu saa kabla ya kula.

Kuna mtetemeko mwingine unaofanana, unaoletwa na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini, kwa kuwa huziba vipokezi vya dopamini. Huo si Parkinson na una dawa yake. Rudini kliniki, msiache sindano kimyakimya.

Ni kweli upupu unatibu Parkinson?

Mbegu za upupu zina levodopa halisi, hili si uzushi, na waganga wa India wamezitumia tangu zamani sana. Tatizo ni kipimo. Mbegu hii ina kiasi hiki, ile ina kile, na levodopa ikizidi humtupatupa mgonjwa viungo, humshusha presha, na wengine huanza kuona vitu visivyokuwepo. Ambaye tayari anameza vidonge na bado anachanganya na unga wa upupu bila kumwambia daktari, anajiongezea dozi gizani. Niambieni dirishani, sitawafokea.

Kwa hiyo dopamini siyo homoni ya raha?

Siyo kwa maana inayosemwa. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli ziliwaka juisi ilipokuja. Kima walipojifunza kwamba ikiwaka taa juisi inafuata, seli zikahamia kwenye taa. Juisi yenyewe haikuziamsha tena. Taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zilinyamaza kuliko kawaida. Ni mjumbe wa matarajio na wa kujifunza: imekuja zaidi ya ulivyodhani, au pungufu. Mlio wa simu unakuvuta kabla hujajua ujumbe umetoka kwa nani, na mara nyingi ukishausoma huna raha yoyote. Umeitikia taa.

Miraa na kahawa zinafanya nini?

Ni njia mbili tofauti. Miraa, au mirungi, ina kathinoni, inayozilazimisha seli kumwaga dopamini na noradrenalini. Ndiyo handas yenyewe: maneno mengi, njaa hakuna, usingizi hakuna. Kathinoni huharibika haraka baada ya kukatwa, ndani ya siku mbili hivi, na hiyo ndiyo sababu ya kuifungia kwenye majani ya migomba na ya magari kukimbia kutoka Meru, Kenya, inakolimwa. Siku ya pili mtu anakuwa mzito na mwenye hasira, maana ghala limemwagwa na halijajaa.

Kahawa haimwagi kitu. Kafeini hukaa juu ya vipokezi vya adenosini, mjumbe anayejikusanya kadiri tunavyokesha na kutuambia tulale. Uchovu haujaondoka, umezuiwa kubisha. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kimo mwilini saa tano usiku.

Mdogo wangu anatumia unga. Kwa nini hawezi tu kuacha?

Mwili una wajumbe wake wa kutuliza maumivu, wa jamii ya endofini. Heroini inatumia milango yao. Mlango ukigongwa kwa nguvu kila siku, seli hujirekebisha ili kustahimili, na unga ukikosekana marekebisho yale hubaki peke yake bila cha kuyazuia: hiyo ndiyo arosto. Mifupa inauma, tumbo linakata, anatoa kamasi, ngozi inasisimka. Hajifanyishi. Anayemwambia mtu kwenye hali hiyo kwamba ni ukosefu wa adabu hajawahi kukaa naye usiku mmoja.

Methadoni hukaa kwenye mlango uleule, lakini polepole na kwa muda mrefu, zaidi ya saa 24, hivyo mtu hapandi wala hashuki na anaweza kwenda kazini. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, na kazi hiyo ni ya miezi na miaka. Nendeni naye siku ya kwanza.

Nina sonona. Je, serotonini yangu imepungua?

Hakuna anayeweza kukuambia hivyo kwa uhakika, na mimi sipendi tunavyolirahisisha. Dawa kama fluoksetini huzuia serotonini isifyonzwe kurudi, na hilo hutokea ndani ya saa chache. Nafuu huja baada ya wiki mbili, nne, pengine zaidi. Ingekuwa ni suala la kujaza tangi, ungepona jioni ileile. Inaonekana ubongo unahitaji muda wa kujipanga upya. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakukuta ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Hilo halisemi kwamba dawa hazisaidii. Wengi zinawasaidia, pamoja na mazungumzo na mshauri.

Amitriptilini, tunayoitoa mara nyingi zaidi, huziba pia vipokezi vya asetilikolini na histamini. Kinywa kikavu, choo kigumu na usingizi mzito vinatoka huko. Meza usiku, kunywa maji, na wiki mbili za mwanzo usikate tamaa. Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo siku hiyohiyo.

Nikila ndizi nitaongeza serotonini?

Ndizi ina serotonini, lakini haiingii ubongoni. Serotonini nyingi ya mwili wako, kama asilimia 90, iko tumboni ikiendesha utumbo. Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha damu hakiwezi kukuonyesha hali ya ubongo wako. Usitoe hela yako kwa anayekuuzia kipimo hicho.

Kwa nini Piriton inalaza na setirizini hailazi sana?

Zote mbili ni dawa za mzio, huziba vipokezi vya histamini. Histamini ndiyo inayokuwashia ngozi, na ubongoni ndiyo mmoja wa wajumbe wanaokuweka macho. Piriton inapenya mpaka ubongoni, setirizini inapenya kidogo. Dereva wa bodaboda, uliza kabla ya kumeza.

Dawa zimeisha na kliniki ni wiki ijayo. Nifanye nini?

Njoo na karatasi tupu ya vidonge, hata kama huna cheti, hata kama mgonjwa amebaki nyumbani. Tutasoma jina na miligramu, tutampigia daktari, tutakupa za kuvusha wiki. Kwa fenobabito na levodopa usilale hata usiku mmoja bila kuja.